Ngome nne na swali la Mama

Karlsruhe, Ujerumani

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai nyote hamjambo, na mtoto keshapona homa. Sisi tu wazima. Mama bado yuko nasi, na Jumamosi tulimpandisha mlimani.

Tulikwenda Nothweiler, kijiji kilicho mpakani na Ufaransa, mwendo wa kama saa moja kwa gari. Juu ya kijiji kuna msitu, na ndani ya msitu magofu ya ngome nne za kale. Ya kwanza, Wegelnburg, iko mita 570 hivi juu ya usawa wa bahari. Baba watoto alimkatia Mama mkongojo, naye akapanda taratibu, akipumzika kila alipotaka. Watoto walitangulia mbio, wakarudi, wakatangulia tena.

Natamani ungeviona vile vyumba! Mlima ni wa mawe mekundu ya mchanga, na mafundi hawakujenga juu ya mwamba tu, waliuchonga kwa ndani: ngazi, vyumba, hata matundu ya kutilia boriti. Boriti zenyewe zimekwisha zamani, matundu yamebaki yamejipanga ukutani, na mwanangu mdogo alitia mkono katika kila moja alilolifikia. Wageni wengi huja kwa hadithi za mashujaa na vita. Mimi nilichokiona ni kazi ya patasi, na sijachoka kuifikiria.

Mama alikaa juu ya jiwe, akatazama huku na huku, akauliza, “Na maji walikuwa wakiyapata wapi?” Sikuwa na jibu.

Kutoka hapo unavuka kuingia Ufaransa bila kuulizwa pasi. Dakika chache tu ukafika Hohenbourg, kisha Löwenstein, iliyokuwa maskani ya wanyang’anyi hadi ikabomolewa katika karne ya 14. Hapo pamebaki miamba zaidi kuliko kuta. Tulikula viazi karai vyetu, tukateremka.

Jibu la swali la Mama lilikuwa Fleckenstein, ngome ya mwisho. Imekaa juu ya mwamba mrefu na mwembamba, kama jahazi lililopwelewa. Huko walichimba hodhi ndani ya jiwe lenyewe. Maji ya mvua yaliingia humo, yakapita kwenye mchanga na changarawe hadi yakachujika, ndipo yakatekwa. Mama alisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Akasema waliochimba hodhi lile ndio waliostahili kutajwa, si mabwana wa ngome. Nakubaliana naye kabisa.

Mwaka 1680 majeshi ya Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa yalizibomoa Wegelnburg, Hohenbourg na Fleckenstein. Mwanangu mkubwa alikasirika kweli kweli kusikia hivyo, akataka kujua kwa nini hakuna aliyezijenga upya. Nikamweleza habari za Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi: kwamba ngome hizi zilipokuwa na watu, huko kwetu nako watu walikuwa wakiteka maji kwenye visima vyao vya mawe, katikati ya mji wenye misikiti na nyumba za kifahari. Sasa hanipi nafasi, anataka kwenda.

Inshallah tutakuja Desemba. Mama atatangulia mwezi ujao, na ameniagiza nikuombe umpeleke Gede akishapumzika. Anasema alipokwenda zamani hakuvitazama vile visima sawasawa.

Wasalimie wote nyumbani.

Akupendaye daima,
Shoga yako