Majumba ya zamani Kisumu yakaliwe na watu

Mhariri,

Naandika kuhusu majumba ya zamani ya hapa Kisumu, yale ya mawe yaliyojengwa baada ya reli kufika ziwani mwaka wa 1901, wakati huo mji ukiitwa Port Florence, wafanyabiashara Wahindi wakajenga duka chini familia inalala juu na nyuma kuna ua wa kupikia. Mimi na mke wangu tulinunua moja iliyo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na tunaikarabati tuhamie na watoto pamoja na mamangu, na karibu kila mtu anatuambia tumetupa pesa, eti nyumba ikishatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali hiyo ni ya makumbusho, hata msumari huruhusiwi kupiga. Si kweli jamani. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inakataza kubomoa au kubadilisha bila kibali, lakini kuorodheshwa peke yake hakumnyang'anyi mtu nyumba yake wala hakumkatazi kulala ndani.

Kinachoniuma zaidi ni simiti. Hizi kuta zilijengwa kwa chokaa, na jiwe la aina hii huvuta maji ya mvua na ya ardhini halafu huyatoa polepole kupitia hiyo chokaa, na hilo husaidia ndani kuwe na baridi tamu hata jua la Kisumu likiwaka vipi. Sasa aliyekuwa na nyumba kabla yetu akaleta fundi akapiga plasta ya simiti nje na ndani, rangi ya mafuta juu, ikang'aa, kumbe maji yamefungiwa humo hayana pa kutokea. Tulipobandua plasta sebuleni jiwe la nyuma lilikuwa limelowa, ukilikwaruza kwa ukucha linamwagika unga. Mawe mengine ilibidi tuyatoe kabisa. Na chokaa haiko mbali, inachimbwa na kuchomwa hapo Koru, ni karibu tu, lakini fundi wengi hawaitaki kwa sababu inakauka pole pole, inahitaji kunyunyiziwa maji na kufunikwa isipigwe na jua, na wao wanataka wamalize wiki hii waende mjengo mwingine. Siwalaumu, hakuna aliyewafundisha.

Halafu kibali. Ofisi moja inakutuma kwa nyingine, hiyo nyingine inasema faili haijafika, na huku paa linavuja, gata zimeoza, mchwa wameingia kwenye boriti, na huwezi kubadilisha bati moja mpaka karatasi itoke. Mvua ya masika haingoji sahihi ya mtu! Ndio maana wenye majumba mengine wanakaa kimya tu wanangoja ukuta uanguke wenyewe, ukianguka wanajenga flati, na kusema ukweli naelewa kwa nini, hata kama inanisikitisha sana kwa sababu jengo likienda limeenda.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka wa 2001 na mpaka leo watu wanaishi mle, wanazaa na kuzeeka mle, na fundi wa chokaa wapo. Sisi huku tunashindwa nini?

Naomba kaunti na makumbusho waweke dawati moja la kushughulikia nyumba hizi, na ukarabati mdogo kama kuziba paa au kubadilisha gata upewe ruhusa ya haraka. Mwenye nyumba anayeikarabati inavyotakiwa apunguziwe ada za ardhi angalau kwa ile miaka ya ujenzi. Na vyuo vya ufundi vya hapa viwaite fundi wa Lamu waje wafundishe vijana wetu kuzima chokaa, yaani kuitia maji kabla ya kuitumia, na kuipaka, sisi tuko tayari wajifunzie kwenye kuta zetu, bado upande wote wa uani haujaguswa.

Mkazi, Kisumu