Lenzi isipimwe kwa ukali peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kurasa za teknolojia za magazeti yetu zinapoeleza lenzi za kamera huishia kwenye ukali wa picha: kope zinahesabika, basi lenzi ni nzuri. Wauzaji nao, wakitaka kupandisha bei ya lenzi kuukuu, husema "ina roho". Mimi napiga picha za harusi hapa Tanga, na sioni kauli hata moja kati ya hizo inayomsaidia kijana anayetafuta lenzi ya kufanyia kazi.

Chukua mfano wa Helios 44-2 ya milimita 58, iliyotengenezwa Umoja wa Kisovieti na kuuzwa pamoja na kamera za Zenit. Ilitokana na Biotar, lenzi ya kampuni ya Kijerumani ya Carl Zeiss Jena, na ina vioo 6. Msimamishe bibi harusi hatua kadhaa mbele ya mwarobaini, jua likipenya kwenye majani, ufungue tundu la kupitishia nuru hadi f/2, yaani wazi kabisa. Uso utatoka safi, lakini majani ya nyuma yataonekana yanazunguka kichwa chake. Hapo hakuna uchawi. Nuru inayoingia kwa upande hukatwa na kingo za lenzi yenyewe, kwa hiyo vidoa vya mwanga vilivyo karibu na pembe za picha havitoki duara, bali hubanwa mithili ya kokwa la embe, vyote vikiuzingira uso. Funga tundu hadi f/5.6, mzunguko unapotea. Kwa picha ya mtu mmoja naupenda sana. Kwa picha ya ukoo mzima haufai hata kidogo, maana shangazi aliyesimama pembeni atatoka amefifia.

Halafu kuna kanzu na buibui, ambazo kwangu ndizo mtihani wenyewe. Kola ya kanzu nyeupe ikikutana na anga angavu, lenzi nyingi zilizofunguliwa mno huizungushia utepe wa zambarau. Na buibui lenye tarizi nyeusi likipigwa dhidi ya jua la alasiri, Helios hiyo, ambayo vioo vyake vina utando mmoja tu wa kuzuia miale, huligeuza kijivu na tarizi inamezwa. Lenzi ya kisasa yenye tando nyingi hubakiza weusi wake. Wapo wanaoupenda ukungu huo kwa kuwa hulainisha vivuli vya usoni. Kwenye uso nauruhusu, kwenye nguo iliyotariziwa siukubali.

Usiku ukumbini, tazama taa za rangi nyuma ya maharusi. Lenzi moja huziyeyusha taratibu, nyingine huipa kila taa ukingo mkali, zikipandana jicho linawaacha maharusi na kuhesabu pete. Hata lenzi ya bei kubwa, kali kupindukia, inaweza kuwa na kasoro hiyo.

Kwa hiyo mwandishi wenu akipewa lenzi aijaribu, achapishe picha dhidi ya jua, kanzu mbele ya anga, na uso mbele ya taa za usiku. Aandike tundu alilotumia na umbali wa mtu kutoka kwenye kamera na kutoka kwenye kilicho nyuma yake. Na tafadhali msizikate picha hizo pembeni mnapopanga ukurasa.

Mpiga picha za harusi,
Ngamiani, Tanga