Migogoro ya kijiji irudishwe kwa wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimzungumzie msomi wa Norwei, marehemu Nils Christie. Nilikuwa katibu wa baraza la kata huku Urambo, Tabora, hadi nilipostaafu, na sijasoma maandishi ya mgeni yanayotuhusu watu wa mabaraza kama ya huyu.

Christie alizaliwa Oslo mwaka 1928, na tangu 1966 alikuwa profesa wa kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu na adhabu, katika chuo kikuu cha mji huo. Utafiti wake wa kwanza ulikuwa mzito. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walioikalia Norwei waliweka kambi za wafungwa kutoka Yugoslavia, na baadhi ya walinzi walikuwa Wanorwei. Wafungwa walikufa kwa wingi. Vita vilipokwisha, Christie aliwahoji walinzi waliotiwa hatiani kwa kuua na kutesa, kisha akawahoji wenzao ambao hawakufanya hivyo. Hawa wa pili walikuwa wamezungumza na wafungwa, hata kuonyeshwa picha za familia zao. Waliwaona ni watu. Kazi zake zote za baadaye, hadi alipofariki mwaka 2015, zinarudi hapo: ukishamjua mtu, mkono unakuwa mzito kumuumiza.

Mwaka 1976 alitoa mhadhara Sheffield, Uingereza, kuhusu migogoro kuwa ni mali ya watu. Ulichapishwa mwaka uliofuata na unasomwa duniani kote. Mfano wake wa kwanza ni kijiji kidogo cha Arusha, hapa hapa kwetu! Mwanamume na mwanamke walikuwa wamechumbiana, mwanamke akavunja uchumba, mwanamume anadai alichotoa. Nyumba imejaa wanakijiji na majirani, watu wanacheka, wanauliza, wanakumbushana. Wadaiana wako katikati na ndio wanaosema zaidi. Ndugu wanasaidia lakini hawawapokonyi kesi yao. Waamuzi watatu, makatibu wa chama, karibu hawasemi kitu, maana mambo ya kijiji wanayajua wanakijiji. Christie akailinganisha na mahakama za kwao, ambako wanasheria, aliandika, ni hodari wa kuiba migogoro ya watu, na aliyeumizwa anapoteza mara mbili: kwanza kwa mkosaji, kisha kwa dola inayomchukulia kesi yake.

Hilo nimeliona kwa macho yangu. Ng'ombe waliingia shamba la tumbaku la mama mmoja mjane. Shauri likafika mahakamani, mwenye ng'ombe akatozwa faini, faini ikaenda serikalini. Mama alipoanza kueleza kwamba pembejeo alikopa chama cha msingi na deni liko palepale, aliambiwa ajibu alichoulizwa. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Baadaye wazee waliwaita wote wawili barazani. Mama alisema mpaka akamaliza. Majirani waliolima naye walijua matuta yalikuwa mangapi, hakuna aliyehitaji kukisia. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa nini mtoto wa shule alichungishwa kundi lote lile peke yake, swali ambalo mahakamani halikuulizwa. Mwenye ng'ombe akanyamaza kidogo, kisha akakubali mwenyewe kulipa pembejeo na kumlimia mama kwa maksai wake msimu uliofuata. Alilima kweli.

Sisemi kila mkutano wa wanakijiji una haki. Huku Unyamwezini tunaikumbuka Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji, ya miaka ya 1980. Ilikomesha wizi wa ng'ombe mahali ambapo serikali ilishindwa, lakini baadhi ya vikundi viliwageukia wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi. Umati unaweza kumpokonya mtu kesi yake sawasawa na wakili. Kwa hiyo aliye katikati lazima asikilizwe, hasa akiwa mwanamke, na asiyeridhika awe na njia ya kwenda mahakamani.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halihukumu tena kesi za ardhi. Linasuluhisha tu, na likishindwa shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wenzangu wengi waliona tumeshushwa. Mimi naona tumeachiwa kazi bora kuliko zote, ila tunaiharibu wenyewe. Nimeshuhudia usuluhishi ukifanyika ofisini, mlango umefungwa, fomu inajazwa "imeshindikana" kabla wahusika hawajatazamana. Norwei yenyewe ilitunga sheria ya mabaraza ya usuluhishi mwaka 1991, na fikra za Christie zilikuwa na mchango mkubwa.

Naziomba halmashauri za Tabora zipange siku maalumu ya baraza isiyogongana na gulio, ili watu waweze kuja. Vikao vifanyike nje au katika ukumbi ulio wazi, wenye shauri wakae katikati, na wajumbe wapewe posho ya kueleweka, maana mjumbe mwenye njaa huharakisha. Na walimu wa sheria vyuoni wawasomeshe vijana wetu mhadhara ule, kisha wawalete huku wakae nyuma wasikilize kabla hawajavaa majoho.

Katibu mstaafu wa baraza la kata,
Urambo, Tabora