Upendo, achana na zile kofia

Sinza, Dar es Salaam

Mpendwa Upendo,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini hujambo wewe, shemeji na watoto, na kwamba baridi ya Arusha haijaanza kuwabana. Sisi tu wazima, joto tu ndilo linalotusumbua. Mama anakusalimu sana. Kila nikitaja jina lako anauliza kama kampuni yenu ya utalii imeshapata gari la pili.

Swali lako sikutaka kulijibu kwa haraka, maana najua pesa ya matangazo uliyoitenga ni hiyo hiyo na haina mwenzake. Umeniuliza uchapishe kofia na fulana mia tatu, au utengeneze maboksi ya zawadi kama yanavyofanya mahoteli makubwa. Jibu langu ni maboksi, tena machache. Lakini usije ukanunua boksi zuri kisha ukaanza kutafuta vya kulijazia. Hii kazi ya vifungashio nimeifanya miaka mingi sasa, nimefunga zawadi za kila aina ya kampuni, na ninaamini kabisa kwamba boksi hufanya kazi pale linapobeba wazo moja, na wazo lenyewe liwe limetoka kwenye maisha ya anayepokea.

Angalia yanayotokea hapa mjini kila Desemba. Boksi jeusi, ndani kuna shajara, kalamu, chupa ya maji na kalenda, vyote vimegongwa nembo kubwa. Mpokeaji anashukuru, shajara anampa mtoto achoree, chupa inabaki juu ya kabati la ofisi. Boksi lile lingeweza kutoka benki, kampuni ya bima au duka la matairi, na baada ya mwezi hakuna anayekumbuka lilitoka wapi. Halafu angalia boksi la futari linalogawiwa Ramadhani: tende, sukari, tambi, unga, mchele, pengine na kahawa. Hakuna anayehitaji kuelezwa ni la nini. Kila kilichomo kinakwenda mezani saa ile ile moja, familia nzima imekaa, na jina la aliyeleta linatajwa huku watu wanakula. Wateja wangu wanaolijua hilo huja mapema, kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na anayesubiri matangazo ya mwezi hukuta maboksi yamekwisha.

Sasa wewe wateja wako ni watalii, pamoja na mawakala wa Ulaya na Marekani wanaokuletea watalii hao. Wape nini? Uliniambia wakati fulani kwamba kitu ambacho wageni hukisimulia zaidi, hata kuliko simba, ni ile saa ya kuamshwa kambini kabla ya jua, kahawa ikiletwa mlangoni mwa hema, baridi kali na ndege ndiyo kwanza wanaanza. Upendo, umeshalipata wazo lako. Tengeneza boksi la asubuhi.

Ndani weka kahawa ya kutosha asubuhi nyingi, gramu 250 si mbaya. Weka kikombe cha bati kile cha enameli, cha aina ile ile wanachonywea kambini, kwa sababu mtu akikishika kwake Hamburg au Chicago mkono wenyewe utakumbuka. Weka kitu kidogo cha kutafuna, korosho zilizokaangwa zinafaa na zinastahimili safari. Weka kipande cha kitambaa. Na kadi. Basi. Ukisikia mtu anakushauri uongeze kishikizo cha funguo chenye picha ya tembo, mwambie asante na usikiongeze. Kitu kimoja kisichohusika kinatosha kuligeuza boksi kuwa furushi la vitu vya dukani.

Kwenye kahawa usibahatishe, hiyo ndiyo roho ya boksi zima. Wewe umekulia kwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, unajua mibuni inavyokaa chini ya migomba, na hadithi hiyo ni yako kuisimulia kuliko kampuni yoyote ya kigeni. Ushirika wa wakulima wa kahawa wa mlima wenu wa Kilimanjaro, KNCU, umekuwapo tangu 1933. Ni wageni wachache sana wanaojua kwamba nyuma ya kikombe chao kuna watu walioungana kuuza mazao yao muda mrefu hivyo. Mistari miwili ya habari hiyo kwenye kadi ina uzito kuliko picha kumi za twiga. Mwulize mkaangaji tarehe aliyokaanga, na sharti hiyo tarehe iandikwe kwenye mfuko. Chukua mifuko yenye kile kitundu cha kupumulia, maana kahawa iliyokaangwa karibuni hutoa hewa na mfuko uliobanwa kabisa hutuna. Wengi hawana mashine ya kusagia nyumbani, kwa hiyo waandalie iliyosagwa, lakini isagwe siku za mwisho kabisa kabla ya kufunga maboksi. Kahawa iliyosagwa hupoteza harufu upesi sana kuliko buni nzima, na mgeni akifungua akakuta harufu imekufa, jina lako ndilo lililoandikwa hapo.

Kitambaa, ningekuwa wewe ningechukua kanga. Usijaribu kuagiza kanga yenye nembo yako, kwa sababu kiwanda hakiwashi mashine kwa doti chache, utalazimika kununua mzigo usioweza kuumaliza. Nenda Kariakoo, au nitume mimi, tuchague zilizopo zenye rangi tulivu. Itumike kulifungia boksi badala ya karatasi ya zawadi, ili hata kifungashio chenyewe kisitupwe. Mtu atakivaa au atakitandika mezani. Ila jina la kanga, yaani yale maandishi yake, lisomwe kanga moja baada ya nyingine. Zile za vijembe na mafumbo ya wake wenza ziache pale pale dukani. Wakala wako atamwonyesha rafiki yake anayejua Kiswahili na kumwuliza imeandikwa nini, na jibu liwe la kumfurahisha. "Wema hauozi" ingependeza sana. Kisha iandike maana yake nyuma ya kadi, kwa lugha ya mgeni.

Nembo yako iwe ndogo. Najua hili utalipinga, na shemeji atalipinga zaidi. Kwenye kikombe igongwe chini ya kitako au pembeni karibu na mshikio, ndogo, rangi moja. Kikombe chenye nembo kubwa ni tangazo, na watu wazima hawapendi kunywea tangazo kila asubuhi nyumbani kwao. Kikombe kizuri hutumika, na kinachotumika ndicho kinachoonekana na jirani anayeuliza, "Hiki umekipata wapi?" Hapo mgeni wako anaanza kukusifia kwa mdomo wake mwenyewe. Huwezi kulinunua tangazo la namna hiyo.

Sasa usafiri, na hapa nisikilize kwa makini kwa sababu ndipo maboksi mengi ya watalii yanapoharibika. Wageni wako wanaotoka Serengeti kwenda Zanzibar kwa ndege ndogo kwa kawaida huruhusiwa kilo 15 tu, tena kwenye mabegi laini. Ukimpa boksi gumu siku ya kwanza umemtwisha mzigo. Mpe siku ya mwisho kabisa, anapoelekea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kupanda ndege kubwa, au umkabidhi akirudi kutoka Zanzibar. Kwa hao wa ndege ndogo tengeneza toleo la mfuko: vitu vile vile, ndani ya kanga iliyofungwa kama furushi, bila boksi. Asali uliyoitaja ni nzuri, ya Tabora naipenda mno, lakini uwanja wa ndege huihesabu kama kimiminika, na mkononi haipiti chupa inayozidi mililita 100. Acha asali kwa wateja wako wa hapa nchini. Mgeni wa Australia mwangalie zaidi, wenzetu wale ni wakali kwenye vyakula, mbegu na mimea. Shanga za mbegu na vikapu vya majani makavu vinaweza kuzuiwa, na chochote cha kula lazima akitaje anapoingia. Makombe ya baharini na matumbawe usiyaguse kabisa. Hata vinyago vya mpingo sasa vina masharti, maana mti huo upo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017. Na usifunge chochote kwa mfuko wa plastiki wa kubebea. Umepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na kampuni inayouza uzuri wa mbuga zetu haiwezi kuonekana imeushika.

Boksi lenyewe lisikupe homa. Yale magumu yenye mfuniko wa sumaku ni ghali na yanakula nafasi. Chukua boksi la kadibodi la kahawia, lisilochapwa, ulibandike stika moja nzuri. Kuchapa boksi zima kwa idadi ndogo ni hasara tupu, kwa sababu gharama ya kuandaa chapa ni ile ile ukichapa hamsini au elfu tano. Ndani, badala ya zile karatasi za kung'aa, jazia majani makavu ya mgomba kwa maboksi yanayobaki nchini, na karatasi za kahawia zilizochanwa kwa yanayosafiri. Ukitenga shilingi 60,000 kwa boksi, napenda zaidi ya nusu iende kwenye vitu vya ndani. Nikiona boksi lenye thamani kuliko kilichomo, mimi husikitika kweli, maana mpokeaji naye analiona.

Kuna jambo jingine ninalolipenda katika kazi hii, na nataka nawe ulipende. Boksi lako moja linagusa mikono mingi: mkulima wa kahawa, mkaangaji wa Moshi, mbanguaji wa korosho wa Mtwara, mwenye duka la kanga, kijana wa stika. Pesa ya zile kofia ingekwenda karibu yote nje. Ukitaka kuongeza bangili za shanga kutoka kwa akina mama wa Kimaasai, nitafurahi, ilimradi uzifunge kama utepe kwenye kanga zisiwe kitu cha ziada kinachoelea ndani. Lakini uagize mapema sana. Ni kazi ya mikono, na si haki kumkimbiza mama mwenye ng'ombe na watoto kwa sababu sisi tumechelewa kupanga.

Wa kuwapa. Mawakala kwanza. Karibu-KiliFair, yale maonyesho ya utalii, huwa Juni, hapo hapo mlangoni kwako, na wanunuzi wa nje wanakuja wenyewe. Usiyapange mezani kila apitaye ajichukulie. Mtu aliyekaa nawe, mkazungumza biashara ya kweli, mpelekee boksi hotelini jioni hiyo, na kadi iliyoandikwa kwa mkono inayotaja mlichozungumza. Kisha wageni wanaorudi mara ya pili. Kisha, na hili naliweka moyoni, waongoza watalii na madereva wako. Wao ndio wanaokaa na mgeni kutwa nzima, na mtu aliyethaminiwa hulitaja jina la kampuni kwa namna nyingine. Kwenye kadi ya mgeni liandikwe jina la aliyemwendesha. Bei na orodha ya safari zisiingie humo. Namba ya WhatsApp inatosha.

Wa kutowapa ni ofisa yeyote wa umma ambaye una faili mezani kwake. Iwe leseni, iwe kibali, iwe zabuni. Najua nia yako ni njema na najua wengine wanafanya. Lakini Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiangalii utepe wa boksi, na mimi sitaki jina ulilolijenga kwa jasho lichafuliwe na kikombe cha kahawa. Mshukuru kwa barua.

Mwisho, andika kwenye daftari kila boksi limekwenda kwa nani na tarehe gani. Kila mteja mpya akipiga simu mwulizeni amewasikia wapi, na jibu liandikwe siku hiyo hiyo. Baada ya msimu tutakaa pamoja tuone ni lipi lililozaa. Mwaka wa kwanza usivuke maboksi 60.

Niandikie mapema unahitaji mangapi na mangapi kati yake yawe ya furushi, ili niende Kariakoo kuchagua kanga kabla hazijapanda bei. Nitumie pia kile kikombe mnachotumia kambini, kimoja tu, kwa basi, nitafute kinachofanana nacho. Na kahawa uliyoahidi tangu mwaka jana usiisahau, mama anaidai.

Msalimie shemeji, na umbusu Neema na mdogo wake.

Wako akupendaye,
Saumu