Barua kwa vijana wetu: Sabato huharibika Alhamisi

Wanangu Wayahudi wa nyanda za juu za Kenya na wa vilima vya Mbale, shalom.

Ijumaa hizi za karibuni kuna jambo linanikera. Jua limezama, Sabato imeingia, mishumaa imewaka, zaburi zinaimbwa kwa sauti tamu kweli, na kule nyuma ya nyumba mtu amechuchumaa analipepea jiko kwa kifuniko cha sufuria kwa sababu githeri haijaiva. Ukimuuliza, anakujibu kwamba Sabato ni ngumu. Sabato si ngumu. Maharagwe ndiyo magumu, maana hayakulowekwa Alhamisi.

Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Myahudi wa London mwezi Desemba jua humzamia kabla ya saa 10 alasiri, angali kazini. Jua la Nairobi huzama kati ya saa 12:10 na 12:45 jioni mwaka mzima. Tumepewa saa isiyohamahama, na bado tunachelewa!

Basi sikilizeni. Alhamisi usiku loweka maharagwe. Ijumaa asubuhi yachemshe na mahindi mpaka yaive kabisa. Yakikushinda, jioni yasiwe chini ya nusu ya kuiva. Kabla ya mishumaa, funika makaa kwa jivu. Jivu ni ishara kwamba huna nia ya kuuchochea moto tena. Teleka sufuria, funika, ondoka. Usiku ukiingia hakuna kukoroga, hakuna kuongeza maji baridi, hakuna kuchokoa makaa. Kutoka 35:3 inakataza kuwasha moto siku ya Sabato, na kupepea makaa ni kuuwasha. Kupika nako ni kazi ya peke yake katika zile 39 zisizofanywa Sabato, zilizohesabiwa na Mishna, kitabu cha kale cha sheria zetu, kwa hiyo yule aliyechuchumaa amevunja mbili kwa mkono mmoja. Tena wahenga walioandika sheria hii walikuwa wakipikia makaa na kuni kama sisi. Mwenye jiko la gesi ndiye wa kuhangaika na bati la kufunikia moto. Sisi jivu tunalo, tunalimwaga shambani.

Ila jiko la makaa lisilale chumbani mlimofunga madirisha. Hewa yake huua watu usingizini, na hakuna Sabato inayodai roho ya mtu. Mtu akianza kuzimia, fungua, toa jiko, piga simu, mkimbize hospitali. Hiyo si dhambi, ni amri.

Nyama ndiyo nyingine. Kuna wanaojisifu hawali nguruwe, wakadhani wamemaliza. Mnyama achinjwe na mchinjaji aliyesomea kazi hiyo, kisha damu itolewe: nyama iloe majini nusu saa, ipakwe chumvi ya mawe pande zote, ikae saa nzima juu ya ubao ulioinama ili damu itiririke, ndipo isuuzwe mara 3. Chumvi laini ya mezani huyeyuka kabla ya kuvuta damu, ndiyo maana wengine hupaka na kazi isifanyike. Nyama ikipita saa 72 tangu kuchinjwa bila kulowekwa, haichemshwi tena; choma tu. Maini huchomwa motoni siku zote, chumvi peke yake haiyatoshi. Halafu umekula nyama saa 7 mchana, saa 9 jirani anakukaribisha chai ya maziwa. Nyama na maziwa hatuchanganyi; wengi husubiri muda wa saa sita katikati. Omba strungi, chai isiyo na maziwa, na umweleze sababu mapema asije akadhani unamdharau.

Sukuma wiki ikaguliwe jani kwa jani kwenye mwanga, kwa ajili ya vidukari. Tefilini, vile visanduku vya ngozi vya sala vinavyofungwa mkononi na kichwani, hazivaliwi Sabato. Sala ya pamoja inataka watu kumi, kwa hiyo ukibaki kitandani umewafungia wenzako tisa. Pasaka huku kwetu ni siku 8; chapati na mandazi huondolewa nyumbani, na kuhusu ugali wa mahindi, Waashkenazi (wenye desturi za Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki) hawauli, Wasefaradi (wenye desturi za Wayahudi wa Hispania) wengi huula. Mwulizeni rabi wenu kabla ya sikukuu, msimwulize mkiwa mezani.

Sitasema yote ni makosa yenu. Mtihani ukipangwa Jumamosi, mwanafunzi achague cheti au Mungu wake. Wanafunzi Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere walilipeleka jambo hilo mahakamani, na mwaka 2003 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikawakatalia. Nchi inayojiita ya dini zote ingeweza kuisogeza karatasi hadi Jumapili alasiri. Na wazee wa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, tangu mwanzilishi wao Semei Kakungulu alipotahiriwa mwaka 1919, walipita pagumu kuliko hapo: siku za Idi Amin walisali kwa kujificha. Wengi wao hawakuwa na friji wala chupa ya chai.

Lakini hili ni lenu wavulana. Alhamisi nani huchambua maharagwe? Nani huteka maji, huosha sufuria za nyama mbali na za maziwa, hukagua majani? Mama zenu na dada zenu, wakati ninyi mko uwanjani mkijadili Torati. Ijumaa mnafika mmenyoa, mmevaa nyeupe, mnauliza chakula ki wapi. Alhamisi hii, saa 2 usiku, nataka mikono yenu ndani ya karai.