Mwanangu, Anza na Gari la Waya

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeuliza urudi vipi kwenye kuandika hadithi baada ya miaka yote hii ya kuandika ripoti za kazini. Weka karatasi pembeni kwanza, utengeneze gari la waya. Mikono hukumbuka mambo ambayo ulimi umeshayasahau.

Tafuta waya mgumu wa milimita 3 hivi, kiasi cha mita 5, na waya laini wa kufungia nondo, ule wa mafundi ujenzi. Utahitaji pia plaizi, ndala moja iliyochakaa na visoda 8. Kunja waya mgumu upate fremu ya sentimita 30 kwa 15. Pale ncha zinapokutana, funga kwa waya laini mizunguko mitano, kisha minya kwa plaizi. Ukikaza kwa vidole tu, fremu italegea kwenye shimo la kwanza. Ukikosea kona, usiikunje na kuikunjua mahali pale pale. Waya huchoka, hukatika.

Magurudumu yakate kwenye ndala kwa kufuatisha mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa. Manne yanatosha kutoka ndala moja. Toboa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Tundu likibana, gurudumu linaburuzika. Likiwa kubwa mno, linayumba. Kila gurudumu livae kisoda huku na huku, ndipo ukunje ncha ya ekseli, yaani ule waya mgumu unaopita katikati ya magurudumu. Ekseli ya nyuma ifunge kwenye fremu, ya mbele iache huru.

Kazi yenyewe iko kwenye usukani. Ncha ya chini ya waya wake ifunge imara katikati ya ekseli ya mbele, upitishe waya kwenye kitanzi cha fremu, juu ukunje duara. Upime hadi kiunoni pako wewe mtu mzima. Kitanzi kiwe kilegevu: wengi hukikaza, gari likigoma kukata kona wanalaumu magurudumu.

(Ukipenda zaidi kutengeneza mpira wa chandimu, ule wa kusokota mifuko, sawa, ila mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Jaza soksi matambara, uisuke kwa kamba ya katani.)

Liendeshe uani, na mlio wa injini uutoe kwa mdomo. Usione haya, maana mtoto anayeendesha gari la waya huwa anatunga: kuna abiria, kuna kituo, kuna mzigo, kuna trafiki. Kisha kaa, ushike kalamu na daftari, dakika 20, bila kufuta. Siku ya kwanza andika namna gari linavyotengenezwa, hatua kwa hatua, mtoto wa miaka tisa aweze kufuata. Siku ya pili andika safari moja tu, kutoka mlangoni hadi bombani.

Siku ya tatu jiulize: ile ndala ilikuwa ya nani? Ndala haikatwi bila mwenyewe kuitafuta. Nani alitoka asubuhi akakuta ya kushoto tu? Alimshuku nani? Hadithi iko hapo, na itakupeleka kurasa nyingi kuliko gari lenyewe.

Jihadhari na kuanza kwa "utoto ulikuwa mtamu". Msomaji haoni kitu. Mpe rangi ya ndala, harufu ya mpira ulioungua msumari ulipopita. Na mtoto wa kwenye hadithi asiseme maneno ya mtu wa miaka arobaini. Aseme anachokitaka sasa hivi, basi. Usirekebishe ukurasa wa kwanza kila siku, utauchosha kama ule waya. Songa mbele, uurudie baada ya siku 7, na uusome kwa sauti. Penye kukwama ulimi, kata.

Ukifika ukurasa wa nne nipigie simu unisomee. Nitakukatiza pale tu nitakapokuwa silioni gari.

Mzazi wako