Msiuze Shamba la Mtindiro

Columbus, Ohio
23 Novemba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na goti limepoa. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Baridi imeshaingia, kazi zinaendelea, sina la kulalamika. Nimeandika kwa mkono na nitampa Mwajuma wa Pongwe anayekuja huko mwezi ujao, kwa sababu ya kwenye simu naona yanapotoka. Kule kwenye kundi la ukoo hujamaliza neno watu sita wameshakujibu, na baba mdogo akishatuma sauti zake za dakika kumi hakuna anayesikia tena. Umpe mdogo wangu Mwanaidi akusomee taratibu, na baba mdogo awepo.

La kwanza ni shamba. Nimesikia mnunuzi ameshaletwa, ameshapima kwa hatua kutoka kisimani mpaka kwenye ile michungwa ya mwisho aliyoipanda marehemu baba, na kwamba fedha hizo ndizo zitakazomleta Rajabu, mtoto wa Mwanaidi, kwangu atibiwe siko seli yake, ule ugonjwa wa damu. Mama, msiuze. Usitie dole gumba kwenye karatasi yoyote mpaka umalize kusomewa hii.

Video ya dawa mpya aliyoituma baba mdogo si ya uongo. Dawa ipo. Inaitwa Casgevy, na serikali ya hapa iliiruhusu tarehe 8 Desemba 2023 kwa wagonjwa wa siko seli wa kuanzia miaka 12. Yule mama wa Mississippi mliyemwona, Victoria Gray, ni kweli alitibiwa Nashville mwaka 2019, wa kwanza hapa Marekani kwa ugonjwa huu. Rajabu ana miaka 13, kwa hiyo naelewa mioyo yenu ilivyoruka. Wangu uliruka kabla ya yenu.

Tena mimi nimeiona kwa macho. Wodi niliyohamishiwa mwaka huu ni ya magonjwa ya damu. Mwanao aliyeanza kwa kuwaogesha wazee wa watu, ambaye shangazi Mwanahamisi alimwita yaya, leo ana kitambulisho kifuani chenye herufi mbili, RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, na mtihani wa bodi aliupita mara ya kwanza. Siku alipotiwa dawa hiyo kijana mmoja hapa kwetu (jina lake siruhusiwi kulitaja), mimi ndiye niliyeshika saa. Seli zake mwenyewe zilikuwa zimechotwa miezi mingi nyuma, zikapelekwa maabara, zikarekebishwa jeni moja ili mwili urudi kutengeneza hemoglobini ile ya mtoto mchanga, ambayo haizikunji chembe za damu zikawa kama mundu. Zikarudi zimegandishwa, kwenye vichupa. Kichupa hakijazi kiganja. Kinayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, na kikishayeyuka una dakika 20, kisha muda umekwisha. Chumba kizima kilinuka kitunguu saumu, ndiyo harufu ya kile kinachozuia seli zisife kwenye barafu. Mama yake alikaa pembeni, ameshika misuko miwili ya nywele za mwanawe kwenye mfuko wa plastiki. Nilitaka kumshika mkono lakini mkono wangu ulikuwa na saa.

Misuko ile ilitoka kwa sababu kabla ya hapo mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua uloto wa zamani ndani ya mifupa, unaotengeneza damu, ili mpya upate nafasi. Dawa ile hutoa vidonda mdomoni, nywele huisha, na inaweza kumfanya mtu asizae tena. Kijana alilala hospitali zaidi ya mwezi bila kinga yoyote mwilini. Hayo kwenye video hayamo.

Sasa bei. Casgevy peke yake ni dola milioni 2.2. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi bilioni 5. Hapo kitanda, madaktari, damu, vipimo na ile miezi ya kuchota seli havijahesabiwa. Kuna nyingine iliyoruhusiwa siku hiyo hiyo, Lyfgenia, hiyo ni milioni 3.1. Mama, ukiuza shamba la Mtindiro, na nyumba, na ukauza Muheza yote mpaka stendi, hufiki.

Najua baba mdogo atasema: mbona Wamarekani wenyewe wanalipa? Hawalipi wao, inalipa bima. Watu wenye siko seli hapa ni kama laki moja, wengi wao weusi kama sisi, na nusu yao au zaidi wanatibiwa kwa Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini. Serikali kuu imefanya mpango na watengenezaji, majimbo 33 yameingia, kwamba dawa isipomsaidia mgonjwa, wenye kiwanda warudishe sehemu ya fedha. Ni mpango mzuri na ninauombea ufaulu. Lakini mgeni aliyekuja kwa viza ya matembezi hana haki ya Medicaid. Na bima yangu ya kazini haimhesabu mtoto wa mdogo wangu.

Atasema tena: mlete tu, akishafika mlangoni hawawezi kumfukuza. Hilo limetoka kwa Juma wa Texas, nalijua. Ipo sheria ya mwaka 1986 inayozilazimu hospitali kumpokea mgonjwa wa dharura hata kama hana senti. Wanamtuliza hatari ikapita, basi. Bili inakuja nyuma kwa posta, na sheria ile haimpi mtu matibabu ya miezi ya dola milioni mbili.

Bima yenyewe ya hapa ni kazi nyingine juu ya kazi. Mimi nakatwa kila mshahara, na nikiugua nalipa kwanza dola 3,000 za mfukoni kwa mwaka ndipo wao waanze kuchangia. Ndiyo maana mwaka jana nilikaa kimya miezi miwili, ilikuwa habari ya bili ya gari la wagonjwa, imekwisha. Wenzangu wanaojinunulia bima ndio wenye hali ngumu. Serikali hapa ilifungwa siku 43, mpaka tarehe 12 mwezi huu, ugomvi ukiwa ni nyongeza ya ruzuku za bima hizo, na imefunguliwa bila nyongeza hiyo kurefushwa. Inakwisha Desemba hii. Jirani yangu wa chini, Mkongo anayeendesha teksi, ameshaletewa barua ya Januari, akanipa nimsomee. Nikaisoma mara mbili. Alichokuwa akilipa kimezidi mara mbili. Akaikunja akaitia kwenye Biblia. Na hao wa Medicaid nao, kwa sheria iliyotiwa saini Julai 4 mwaka huu, kuanzia 2027 watu wazima wengi watatakiwa kuonyesha saa 80 za kazi kila mwezi. Wagonjwa sana wamesamehewa, ila msamaha nao una fomu zake, na mtu aliyelazwa na maumivu hajazi fomu.

Nikuambie nililoliona kabla sijahamia wodi hii, nilipokuwa mapokezi ya dharura. Usiku mmoja aliletwa msichana wa siko seli, amejikunja kwenye kiti kama Rajabu anavyojikunja ukutani kwako, anauma ukingo wa khanga. Kwake ilikuwa blanketi. Miongozo yao wenyewe inasema mgonjwa kama yule apate dawa ya maumivu ndani ya saa moja. Alikaa saa nne. Mmoja wetu akasema huyo anatafuta dawa za kulevya, tunawajua. Nilisema, nikaambiwa nisubiri daktari. Mama, lile limenikaa. Nchi imejua kukata jeni ndani ya chembe ya damu, na mtoto wa watu anasubiri saa nne kwa sindano ya kutuliza. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba huku kila mlango ni wa peponi.

Sasa yaliyo mikononi mwetu.

Mwanaidi aliniambia kwa aibu kwamba Rajabu ameacha vidonge tangu mfungo, kwa sababu baba mdogo alisikia haidroksiurea ni dawa ya saratani na itamuua. Ni kweli saratani nyingine hutibiwa kwa hiyo. Na ni hiyo hiyo inayopandisha hemoglobini ya utoto, ile ile ambayo Casgevy inaifuata kwa mabilioni. Hapa waliiruhusu kwa watu wazima wenye siko seli mwaka 1998. Wakasema labda Afrika, penye malaria, itadhuru. Wakaipima kwa watoto zaidi ya 600 wa kwetu huko huko Afrika: Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Majibu yalitoka Desemba 2018. Maumivu yalipungua, homa za malaria zikashuka karibu nusu, na vifo vikapungua sana. Kilifi, Mama, ni pale pale pwani, watoto wenye damu na mbu kama wa kwetu. Arudishwe kliniki, apimwe damu kwanza, daktari ampangie, na asiache tena hata akijiona mzima. Maji anywe mengi. Chandarua. Homa ikipanda usisubiri asubuhi, usisubiri kikombe cha babu wa Ngomeni, hospitali usiku ule ule.

Na la pili. Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa, wameshaanza kuwapandikiza uloto watoto wa siko seli. Dodoma, Mama, basi la asubuhi. Wanachukua uloto wa ndugu wa baba mmoja mama mmoja, vipimo vyao vikilingana. Bahati ya kulingana ni moja katika nne kwa kila ndugu. Rajabu ana ndugu mmoja tu wa namna hiyo, Saumu, na Saumu yuko Korogwe kwa baba yao, Shebe, na ninyi na Shebe hamsalimiani tangu yale ya mahari. Nitampigia mimi. Nitamwomba kama mdogo anavyomwomba kaka, na nikitukanwa nitatukanwa. Mtoto apimwe tu. Hata Saumu akikutwa na chembe nusu, yaani anaibeba siko seli bila kuugua, anaweza kutoa. Si lazima ikubali, na hatari zipo, na gharama itabidi tuiulize pale pale, lakini hilo ni jambo la kuuzia ng'ombe, na sehemu yangu nitaibeba.

La mwisho ndilo lililonifanya nichukue kalamu, na naliandika nikiwa nimetulia.

Mmemsema Mwanaidi. Baba mdogo amesema mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyeleta damu mbaya, na kwamba Shebe alikuwa na haki ya kuondoka. Siko seli haiji kwa mama peke yake. Lazima baba atoe jeni moja ya siko seli na mama atoe moja, na kila mimba ina robo ya kuzipokea zote mbili. Shebe anayo, Mwanaidi anayo. Na mimi nimepimwa hapa mwezi wa Machi: ninayo. Moja, ya nusu, haiumi. Mimi na Mwanaidi tumechota kisima kimoja, ama kwako ama kwa marehemu baba. Sikuambii ili uumie. Mwaka 1954 mtaalamu aitwaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye nusu hiyo malaria kali humpita kando. Ndiyo maana imejaa pwani na ziwani. Waliotuzaa waliishi kwa hiyo damu.

Na kama imetoka kwa baba, basi baba mdogo, nakusemesha wewe sasa kwa heshima zote, shikamoo: ninamkumbuka mwanao Twaha. Nilikuwa na miaka tisa. Yale macho yake ya manjano, vidole vilivyovimba, tukamwimbia tukidhani atalala. Ikasemwa degedege, ikasemwa shetani wa mbuyuni, na mama mdogo akabebeshwa lawama. Sisemi najua. Nasema nilipofungua kitabu cha darasani huku, ukurasa ule wa mkono wa mtoto uliovimba, nilikifunga nikatoka nje. Mwanaidi si adui yako. Anafanya kile ambacho mama mdogo hakupewa nafasi ya kukifanya.

Nimetuma laki tano kwa namba ya Mwanaidi, si ya mtu mwingine. Laki mbili ni za kliniki na vipimo, laki moja nauli ya Saumu kutoka Korogwe Shebe akikubali, zinazobaki ni zako, ununue ile dawa ya goti na usimgawie mtu. Mwezi ujao nitatuma tena, nimeomba zamu za Krismasi, zinalipa mara moja na nusu ya kawaida. Mwajuma atakuletea pia koti na kipimo cha homa cha kuweka sikioni, kinasoma kwa sekunde mbili. Mwanaidi akae nacho.

Machungwa ya huku ni mazuri ya kutazama, hayana maji. Juzi nilimenya moja kazini kwa namna yako, ganda lisikatike, wenzangu wakakusanyika kutazama. Nikalitundika ganda kwenye kibanio cha makaratasi mpaka likakauka.

Nitapiga simu Jumapili baada ya Isha ya kwenu. Rajabu awe karibu, nataka kusikia sauti yake mwenyewe, na aniambie amekunywa maji glasi ngapi.

Mwanao,
Rehema